Siku ya Saba Iitwayo Mosi: Istilahi za Dini na Mtego wa Kisawe

Katika vitabu vingi vya shule vinavyogusia dini kuu za ulimwengu, msomaji hukabidhiwa jedwali. Safu ya kwanza ni jina la dini, ya pili kitabu kitakatifu, ya tatu jengo la ibada, ya nne siku ya mapumziko. Uislamu: Kurani, msikiti, Ijumaa. Ukristo: Biblia, kanisa, Jumapili. Uyahudi: Torati, sinagogi, Jumamosi. Dini za Kihindu na za Kibudha, kwa kuwa haziingii vizuri katika safu ya mwisho, huachiwa kistari. Jedwali hukaririwa, hutahiniwa, kisha husahauliwa.

Makala haya yanashikilia kuwa jedwali la namna hiyo hupotosha zaidi ya linavyofunza, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye mtaji wake ni maneno, ndiye anayepasa kuwa wa kwanza kulitilia shaka. Istilahi ya dini haielezwi kwa kuitafutia kisawe katika dini nyingine. Huelezwa kwa kutazama waumini wake wanaifanyia nini. Hoja hii ingeweza kujengwa kutoka Unguja au Mombasa, ambako mjadala wa maneno ya dini una umri mkubwa. Hata hivyo, ni afadhali ijengwe kutoka mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili na Uislamu ni dini ya wachache: soko la Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira.

Kebirigo ni soko la nyanda za juu za Wagusii, si mbali na mji wa Nyamira, katikati ya mashamba ya chai yanayokilisha kiwanda chenye jina hilohilo. Mgeni akifika huko Jumamosi asubuhi akiwa na jedwali lake mkononi, atashangaa. Atakutana na Wakristo wamevaa nguo zao bora, Biblia kwapani, wakielekea ibadani siku ambayo jedwali limewapa Wayahudi. Kesho yake atakutana na Wakristo wengine wakielekea Misa. Wote ni ndugu wa ukoo mmoja, wanachuma majani ya chai kwenye vilima vilevile, na pengine wamezaliwa na baba mmoja.

Historia yenyewe ni fupi na inajulikana. Wamisionari wa Waadventista wa Sabato, akiwemo Arthur Carscallen na mwenzake Mwafrika Peter Nyambo kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua kituo Nyabururu, nje kidogo ya mji wa Kisii, mwaka 1911, na mara tu baada yao Wasabato wakajenga Nyanchwa. Kutoka vituo hivyo viwili, vinavyotazamana kama watani, Ugusii ukagawanyika Jumamosi na Jumapili. Makanisa mengine yalifuata, lakini mgawanyiko huo wa siku ndio uliotia mizizi.

Sasa na lizingatiwe neno lenyewe, Jumamosi. Mswahili wa pwani aliyelibuni alihesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko. Mosi, pili, tatu, nne, tano: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha hesabu inakatika ghafla na kuingia Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, ya kwanza kwa hesabu ya pwani na ya pili kwa hesabu ya Waarabu, ambao huanzia Jumapili. Wanafunzi wa isimu hulicheka jambo hili darasani kisha wakaendelea na mengine. Msabato wa Kebirigo hawezi kulicheka kwa wepesi huo. Imani yake yote imesimama juu ya namba saba. Mungu aliumba kwa siku sita na siku ya saba akastarehe. Siku hiyo ya saba, wala si nyingine, ndiyo aliyoitakasa. Anaposema kwa Kiswahili kuwa siku ya saba ni Jumamosi, ulimi wake unatamka kuwa siku ya saba ni siku ya kwanza. Anapofungua Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, ile iitwayo Union, anakuta Jumapili ikiitwa siku ya kwanza ya juma, ilhali jina lake la sokoni linasema ni ya pili.

Yamkini hii ndiyo sababu jina la kanisa hilo kwa Kiswahili limeikwepa namba. Jina la Kiingereza, lililoanza kutumika rasmi nchini Marekani katika miaka ya 1860, linataja siku ya saba wala halitaji Sabato. Jina la Kiswahili, Waadventista wa Sabato, linaitaja Sabato na kuiacha saba. Iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa, mfasiri aliona mtego akauruka. Alikopa neno la Kiebrania ambalo halina hesabu ya pwani ndani yake, akaliacha lijieleze lenyewe kwa matendo ya waumini.

Na matendo hayo ndiyo maana ya neno. Sabato haianzi Jumamosi. Huanza Ijumaa jua linapotua, yapata saa kumi na mbili na nusu za jioni katika vilima vya Nyamira, na kwisha jua linapotua siku ya pili yake. Ijumaa ni siku ya maandalio: kuni hupasuliwa, maji huchotwa, chakula hupikwa, viatu hung'arishwa, ili machweo yasimkute mtu na kazi mkononi. Jambo la kustaajabisha ni kuwa hapa saa ya Kiswahili inamfaa Msabato kuliko saa ya Kizungu. Mswahili huanza kuhesabu saa za usiku jua linapozama, na kwa desturi ya zamani ya pwani siku mpya huanza magharibi, si saa sita za usiku. Juma la Kiswahili linampinga Msabato. Saa ya Kiswahili inamuunga mkono. Hakuna jedwali la safu nne linaloweza kubeba habari hii.

Kama haya yangekuwa mambo ya kamusi tu, yangeachiwa wanakamusi. Lakini mtoto wa Kebirigo aendaye shule ya bweni hukutana na tafsiri nyingine ya neno lilelile. Kwenye ratiba ya shule, Jumamosi ni siku isiyo na masomo ya kawaida, kwa hiyo inafaa kwa masomo ya ziada, mitihani ya majaribio, michezo na usafi. Mwalimu aliyejifunza kuwa Sabato ni kisawe cha siku ya mapumziko ataona ajabu mwanafunzi akikataa kufanya mtihani asubuhi hiyo. Kwani hajapumzika? Na Jumapili si atapumzika tena? Mgogoro huu ulifika mahakamani. Kanisa liliishtaki wizara ya elimu, likashindwa katika Mahakama Kuu, likakata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba wanafunzi Wasabato wapewe nafasi ya kuishika siku yao. Msingi wa madai ulikuwa uhuru wa dhamiri na dini katika Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010. Ukisomwa kwa jicho la mtu wa lugha, mzozo huo wote ulihusu maana ya neno moja. Upande mmoja ulisikia likizo. Upande mwingine ulisikia amri na agano.

Kosa hilohilo huwapata Waislamu. Ijumaa hupachikwa katika safu ya siku ya mapumziko kana kwamba ni Sabato ya Kiislamu. Neno lenyewe linatokana na kukusanyika, na Kurani inapowaagiza waumini kuacha biashara waitwapo kwenye sala hiyo, huwaruhusu kutawanyika na kutafuta riziki sala ikishakwisha. Muuza duka Mwislamu anayefungua duka saa nane mchana wa Ijumaa hajavunja chochote. Wakatoliki nao, hasa katika lugha ya liturujia, huiita Jumapili Dominika, siku ya Bwana, na sababu yao ni ufufuko wala si uumbaji. Kuna hata mfano wa karibu wa watu wanaoishika Jumamosi ileile ya Kebirigo kwa hoja nyingine kabisa: Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 alipoifuata Torati na kutahiriwa. Kwa Myahudi wa Mbale Sabato ni sehemu ya sheria nzima ya Musa, pamoja na tohara na vyakula. Kwa Msabato wa Kebirigo ni ukumbusho wa uumbaji na alama ya kuungojea ujio wa Kristo. Siku ni moja, machweo ni yaleyale, maana ni mbili.

Zaka nayo haijasalimika. Mkulima Msabato akipokea bonasi ya chai hutenga sehemu ya 10 na kuiita zaka, na kwa mafundisho ya kanisa lake fungu hilo huenda kwa kazi ya uchungaji na injili. Mwislamu akitumia neno hilohilo ana hesabu nyingine: asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza kiwango na kukaliwa mwaka mzima wa mwandamo, na wanaostahili kuipokea wametajwa katika Kurani, maskini wakiwa mbele. Neno limevuka mpaka. Hesabu na mpokeaji vimebaki ng'ambo.

Lipo neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili analijua kuliko mtu mwingine yeyote, naye hulitumia kila siku bila kushtuka: nafsi. Katika sarufi ni nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wamisionari walipotafuta namna ya kusema fundisho la Utatu, walisema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Mkristo aliyelelewa na katekisimu hasikii tatizo. Mwislamu, ambaye nafsi kwake ni mtu mwenyewe na roho yake, husikia watatu, na tawhidi, yaani kumpwekesha Mungu, ndiyo nguzo ambayo bila hiyo Uislamu hauwi Uislamu. Mabishano mengi ya mihadhara ya hadharani yaliyovuma Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 yalikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wawili wakitumia neno moja kila mmoja kwa maana yake. Laiti angalikuwapo mtu wa isimu jukwaani.

Mgusii ana historia yake mwenyewe katika jambo hili. Biblia ya Ekegusii humwita Mungu Nyasae, jina lililo jamaa na Nyasaye wa Wajaluo na wa majirani Waluyia. Watafiti wa mila za Wagusii wameandika pia jina Engoro, ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Jina moja limeshinda, jingine limerudi nyuma, na pamoja nalo yamerudi nyuma yale yaliyosemwa juu ya Mungu kwa jina hilo. Inafaa kusemwa waziwazi kuwa hii ni hasara, hata kwa mtu ambaye hana nia ya kurudia dini ya babu zake. Mtu hawezi kukataa kwa busara kitu ambacho jina lake limempotea.

Penye uzito zaidi ni makaburini. Kebirigo, kama kwingineko Ugusii, mtu huzikwa nyumbani kwake, na mazishi huleta pamoja wale waliogawanywa na Jumamosi na Jumapili. Hapo husikika kauli ambayo redio imeifanya kuwa ya taifa zima: Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Wanaoisema huisema kwa heshima, na hakuna anayepaswa kukatizwa mbele ya jeneza. Lakini na ichambuliwe neno kwa neno. Pepo yenye maana ya bustani ya raha imejengwa na Uislamu wa pwani. Kwa Mkristo wa bara, pepo ni kitu kinachokemewa mpaka kitoke. Roho, kutoka Kiarabu, kwa Mkatoliki ni ile sehemu ya mtu isiyokufa, inayoweza kuwa toharani ikitakaswa, ndiyo maana Misa huombwa kwa ajili ya marehemu. Kwa Msabato, fundisho ni kinyume: wafu hawajui neno lolote, mtu hana roho inayoishi nje ya mwili, amelala usingizi mzito hadi ufufuo. Roho ni pumzi ya uhai, na pumzi hailazwi mahali. Hivyo basi Msabato anayeitamka kauli hiyo ameikana imani yake kwa ukarimu, na Mkatoliki aliyesimama kando yake hajui kuwa jirani amefanya hivyo kwa ajili yake.

Chini ya hayo yote kuna safu ya tatu. Wagusii wa kale walizungumza juu ya ebirecha, roho za waliotangulia, ambao walikuwa wangali jamaa: waliweza kukasirika, kudai, kuridhishwa kwa sadaka. Katika mahubiri ya leo neno hilo husikika likitajwa sambamba na mashetani. Kiswahili kikiletwa kusaidia hutoa mizimu, na mizimu katika sikio la msomaji wa hadithi ni kitu cha kutisha kikaacho pangoni. Babu aliyekuwa mzee wa boma amepita katika tafsiri mbili na kutokea upande wa pili akiwa zimwi. Mtoto aliyekaa kaburini siku hiyo amesikia kwa saa mbili kwamba marehemu yuko peponi, yuko toharani, yuko usingizini, na asimwogope. Hajaambiwa na yeyote kuwa hizi ni imani nne, kila moja na mantiki yake.

Wapo watakaosema kuwa mkanganyiko huu ni wa Waislamu na Wakristo waliolala kitanda kimoja cha Kiswahili, na kwamba dini za Asia zimesalimika. La hasha. Msafiri wa Kebirigo aendaye Mombasa kwa barabara hupita Makindu, penye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako mpita njia wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Madereva wengi wanapajua kwa chai na chapati zake. Ukiuliza langari ni nini, jibu la haraka ni chakula cha bure. Jibu hilo ni kweli nalo limekosa kiini: gurudwara hukalisha watu safu moja sakafuni, tajiri na maskini, wa tabaka la juu na la chini, ili mafundisho ya Guru Nanak juu ya usawa wa binadamu yaliwe kabla hayajasikizwa. Kiswahili kilikuwa na miaka zaidi ya 100 ya kulijifunza hilo kutoka kwa majirani hawa. Badala yake kiliwapa jina la Kalasinga, linalohusishwa na mfanyabiashara mmoja wa Nairobi ya enzi za reli, na Mhindu kikampa jina la Baniani, yaani mchuuzi, kisha kikamtungia methali kuwa ni mbaya ila kiatu chake dawa. Watu wa dini wameitwa kwa biashara zao. Dharma, karma na moksha bado hazina maelezo ya Kiswahili ambayo Mhindu wa Kisumu angeyasoma na kutikisa kichwa kukubali.

Neno dini lenyewe lina mashtaka ya kujibu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kuwa nyoka mkubwa wa ziwa, Mumbo, amemtuma, na ujumbe huo ukavuka na kupata wafuasi wengi Ugusii. Ulikataa Ukristo, ukaahidi kuondoka kwa Wazungu, na kwa Wagusii ukaunganishwa na kumbukumbu ya mtabiri wao Sakawa. Serikali ya kikoloni haikuupa jina la dini. Uliitwa wazimu na uchochezi, na mwaka 1921 viongozi wake wa Ugusii wakahamishwa hadi Lamu, mji wa misikiti ambako hakuna aliyeijua lugha yao. Baadaye, Elijah Masinde wa Bukusu alipoanzisha Dini ya Msambwa, neno dini liliingia katika ripoti za Kiingereza za maafisa likiwa na maana ya kikundi cha waasi. Dini hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1948, na Masinde naye akapelekwa Lamu. Neno ambalo Mswahili hulitumia kwa heshima kuliko maneno mengi lilikuwa, kwenye meza ya Mkuu wa Wilaya, jina la kosa.

Leo silaha hiyo imebadilisha mshiko, nayo huitwa ushirikina. Mhubiri wa Kebirigo akitaja mambo ya kale husema ni ushirikina, akimaanisha imani potofu. Neno hilo ni la Kiislamu hadi kwenye uti wa mgongo: shirki ni kumshirikisha Mungu na kitu kingine, dhambi kubwa kuliko zote. Mwislamu akilitumia kwa maana yake kamili, wa kwanza kushtakiwa nalo huwa ni mhubiri mwenyewe na nafsi zake tatu. Mhubiri ameazima upanga bila kuuliza ulifuliwa kwa shingo ya nani.

Na hapa ndipo tafsiri ya haraka inapoacha kuwa suala la darasani. Ekegusii kina majina tofauti kwa kazi tofauti. Omoragori ni mpiga ramli, aghalabu mwanamke, anayeambia watu chanzo cha taabu zao. Omobari ni tabibu, akiwemo yule bingwa wa kupasua fuvu ambaye amewashangaza madaktari wa ulimwengu. Omogembi huitisha mvua. Omonyamosira huajiriwa kuwakinga watu dhidi ya wachawi. Omorogi ndiye mchawi, na hao wengine wote walikuwapo, kwa sehemu, kwa sababu yake. Kiswahili cha sokoni huwaita karibu wote waganga, mhubiri akasirikapo huwaita wote wachawi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliwakunja katika blanketi moja la Kiingereza. Mipaka ya maneno ikishafutwa, bibi kizee anayejua mitishamba na anayeishi peke yake amebakiwa na jina moja tu la kuitwa. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto hadi kufa Ugusii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma hiyohiyo huko Marani. Haitadaiwa hapa kuwa waliuawa na kamusi. Ardhi, wivu, maradhi na umaskini vilikuwapo. Lakini kundi la watu haliwashi kiberiti mpaka limepata neno, na lugha iliyokuwa na majina matano ilikuwa na nafasi tano za kuuliza swali kabla ya kufikia moto.

Pingamizi moja la maana linastahili kujibiwa. Walimu watasema kwamba mtahiniwa anahitaji jibu fupi la alama mbili, na kwamba elimu ya dini, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, hufundishwa katika shule za upili za Kenya kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakina la kufanya. Hoja ya pili ndiyo inayoipa ya kwanza nguvu. Mtoto hukutana na imani kwa Ekegusii nyumbani, kwa Kiswahili redioni na mara nyingi kanisani, kisha anadaiwa aieleze kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kuombea wala kuzikia mtu. Mwalimu wa Kiswahili, asiyebanwa na silabasi ya dini, ana uhuru ambao mwenzake hana. Anaweza kuweka neno ubaoni katika somo la msamiati na kuuliza maswali ya alama mbili ambayo jedwali haliwezi kuyajibu. Mathalani: Mkatoliki, Msabato na Mwislamu wote wanasema "roho". Ni nani kati yao anaweza kumwombea marehemu, na kwa nini? Au: Siku ya saba ni ipi kwa hesabu ya jina Jumamosi, ni ipi kwa hesabu ya Biblia, na mwanafunzi wa Kebirigo aliyewekewa mtihani Ijumaa saa moja za usiku ameingia katika siku gani?